Njia ya Ngomeni na Gari la Kuvuta Trela



Ukitoka Malindi kwa barabara ya kaskazini utavuka daraja la mto Sabaki, uupite mji wa kale wa Mambrui, ufike Gongoni, kisha uiache lami na kushika mkono wa kulia kuelekea baharini. Hapo yanaanza mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yamezuiliwa kwa matuta, yametandaa kama vioo vilivyolazwa chini, na kando yake yamesimama malundo meupe yanayoumiza macho wakati wa adhuhuri. Njia yenyewe ni mchanga siku za kiangazi na ni tope siku za masika. Mwisho wake ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi chenye mikoko, mashua na upepo usiokoma.

Mbele ya kijiji, ndani ya maji, imesimama mitambo ya chuma ya San Marco iliyowekwa na Waitaliano katika miaka ya 1960. Kutoka hapo, tarehe 12 Disemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Wazee wa Ngomeni hupenda kumwonyesha mgeni mitambo hiyo kwa kidole. Nasi tumeonyeshwa mara nyingi, na kila mara tulirudi tukitafakari jambo moja: roketi imepaa kutoka mahali ambapo sufuria yetu ya pilau ilishindwa kufika.

Sisi ni akina mama 24 wa Malindi. Tuna masufuria makubwa, masinia, majamvi, mahema mawili, viti, na tangi la maji la lita 1,000. Penye harusi tunakodisha. Penye maziko tunapeleka bila malipo, kwani familia iliyofiwa haipaswi kuhangaika na kuni wala maji siku ile. Vyombo vyote hivi hupandishwa juu ya trela yetu ya ekseli mbili, yenye namba yake inayoanza na herufi Z na yenye breki zake yenyewe. Tulichokosa kwa miaka ni gari la kuivuta. Tulikuwa tukikodi chochote kilichopatikana.

Siku moja katika mwezi wa Shaabani tulipata habari ya msiba upande wa Ngomeni. Gari tulilokodi lilikuwa na sura nzuri, lakini lilipofika penye mchanga lilianza kunguruma na kutoa harufu ya kuungua, klachi ikakatika. Tulikaa hapo kati ya matuta ya chumvi, na wali ukiwa umekwisha kuiva ndani ya masufuria, tangu adhuhuri hadi magharibi. Tulipofika, maziko yalikuwa yamekwisha na waliotoka mbali walikuwa wameondoka na njaa. Wenyeji waliwapa tende na maji ya kuomba kwa jirani. Mama wa nyumba ile hakutulaumu hata kwa neno moja. Alitushukuru na kutukaribisha ndani. Laiti angetulaumu, pengine tungelala usingizi usiku ule.

Ndipo tukaazimia. Kila mmoja wetu alitoa shilingi 1,500 kwa mwezi. Wengine walizitoa katika faida ya mahamri na viazi vya karai, wengine katika ushonaji, na bibi mmoja alizitoa kwa kuuza mayai. Baada ya miezi 48 tulikuwa na shilingi 1,728,000. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hatutaongezea hata shilingi moja ya mkopo wa riba, na kwamba gari litakalotushinda bei tutaliacha liende kwa mwenye riziki yake.

Kabla ya kwenda kutazama gari lolote, fundi wetu, ambaye ni kaka wa mwenzetu mmoja, alituketisha chini ya mwarobaini ulio mbele ya karakana yake akatupa kalamu na karatasi. Alisema, "Dada zangu, msianze na gari. Anzeni na mzigo." Tukaandika. Trela tupu, kilo 480. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, wala haipungui. Tangi, masufuria, mahema na viti, kilo 420. Jumla kilo 1,900. Kisha tukaandika uzito wa pikapu yenyewe, na wa watu watano, na wa magunia ya mchele na kuni zitakazokaa nyuma.

Akatueleza kwamba pikapu nyingi za dizeli za milango minne za siku hizi zimeandikiwa na watengenezaji wake uwezo wa kuvuta hadi kilo 3,500 endapo trela ina breki, lakini kilo 750 tu endapo haina. Wengi huisikia ile namba kubwa wakaisahau ile ndogo. Tena kuna namba ya tatu ambayo muuzaji hataitaja: uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, pamoja na watu na shehena. Ukijaza pikapu mpaka pomoni, haki ya trela inapungua. Mwisho akatuambia kuwa shingo ya trela inapaswa kulalia gari kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa trela yetu ni kama kilo 190, na kilo hizo huhesabiwa kuwa ni mzigo uliopakiwa ndani ya pikapu. Tulikunja karatasi ile, mweka hazina akaitia ndani ya mkoba wake pamoja na daftari la michango.

Safari ya kwenda Mombasa tuliianza baada ya sala ya alfajiri. Tulikuwa wanne pamoja na fundi. Tuliupita Gede na magofu yake yaliyofichwa msituni, tukalivuka daraja la Kilifi hali jua likipanda juu ya mkono wa bahari, tukayaona makonge ya Vipingo yamejipanga safu kwa safu, kisha Mtwapa na msongamano wake, hata tukaingia kisiwani kwa daraja la Nyali. Ni njia tuliyoizoea tangu utotoni, ila siku hiyo tuliitazama kwa macho mengine. Kila pikapu iliyotupita tuliihesabu: Hilux, D-Max, Navara, L200. Mwenzetu mmoja alisema hakujua kwamba nchi ina pikapu nyingi kiasi hiki, mfano wa mjamzito anayeona wajawazito kila aendako.

Mombasa ni mlango wa magari ya Afrika Mashariki. Yanateremka melini yakiwa yamekwisha tumika Japani na kwingineko, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lakini magari mapya kutoka melini yalikuwa juu ya uwezo wetu. Tulikuwa tukitafuta pikapu iliyokwisha kutumika humu humu nchini, na yadi tulizozitembelea zilikuwa nazo za kila rangi.

Katika yadi ya tatu tuliiona. Ilikuwa nyeupe, ndefu, imenyanyuliwa kwa springi za juu, na tairi zake zilimfika mwenyekiti wetu karibu na kiuno. Hata sisi tuliokuja na karatasi ya hesabu tulisahau karatasi. Muuzaji, kijana mtaratibu mwenye maneno matamu, alisema, "Mamangu, hii ndiyo ya mchanga. Kwa tairi hizi mtafika hata Lamu bila kuuliza njia." Bei ilikuwa shilingi 1,700,000. Mwenzetu mdogo kuliko wote alikuwa amekwisha kuipiga picha na kuituma nyumbani.

Fundi hakusema kitu. Alitandika gunia akalala chini ya gari. Aliporudi alikuwa na rangi nyeusi kidoleni, rangi ambayo haijakauka vizuri. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi mpya upande wa nyuma tu, pale hasa pangefungwa chuma cha kuvutia trela. Aligonga kwa bisibisi, na pahali pawili mlio ulikuwa mzito kama wa kugonga mbao iliyolowa. Sisi watu wa pwani tunaijua kutu. Tunaiona katika madirisha na mabati yetu. Chumvi ya upepo hula polepole, nayo hula kwanza mahali pasipoonekana. Alimwuliza kijana kwa upole kwa nini rangi imepakwa hapo tu. Kijana akajibu kuwa gari lilikuja hivyo.

Kisha fundi akatusomesha tairi. Ubavuni mwake paliandikwa 285/70R17. Tairi ya asili ya gari lile ilikuwa 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipimo cha rimu kwa inchi. Ukizipigia hesabu, tairi ya asili ina kimo cha milimita 776 na ile mpya milimita 831. Tofauti ni asilimia saba. Kwa macho ni urembo. Kwa injini ni kazi. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kila inapozunguka mara moja, kwa hiyo ni sawa na kuendesha gari lililozidishiwa gia: nguvu inayofika ardhini hupungua kwa takriban asilimia saba hiyo hiyo, ilhali trela nyuma haikupungua hata kilo moja. Mwenye kutaka kuirejesha nguvu hiyo hana budi kubadilisha meno ya difu, mbele na nyuma, nayo si kazi ya fedha kidogo. Breki nazo ni zile zile, lakini sasa zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi.

Tulisikiliza, ila mioyo yetu ilikuwa bado kwenye gari jeupe. Mwenyekiti akatoa shauri: tuijaribu kwa mzigo wetu na kwa njia yetu. Mwenye yadi alikubali kwamba kijana wake ailete Malindi siku ya Jumamosi, nasi tulipe dizeli na kufunga chuma cha trela cha muda. Alitaka arubuni. Tulimwambia kwamba hatuna ruhusa ya wenzetu kutoa fedha kabla ya kujaribu. Akatuambia kuwa kuna mteja mwingine yuko njiani. Tukamtakia mteja huyo kheri. Jumamosi gari lilikuja.

Tulijaza tangi mpaka juu, kwani fundi alikataa kulijaza nusu. Maji yaliyo nusu ya tangi huenda na kurudi, na yanaporudi huisukuma trela yatakavyo; tangi ni ama lijae ama liwe tupu. Tukasoma dua ya safari tukaondoka. Fundi alishika usukani, kijana wa yadi akakaa kando yake, nasi watatu tukakaa nyuma.

Tulipokaribia Sabaki, njia ikateremka. Mshale wa mwendo ulionyesha 80. Binti wa mwenzetu alikuwa ametutilia katika simu programu inayopima mwendo kwa setilaiti, nayo ilisema 86. Kumbe mshale ule uliwekwa kwa ajili ya tairi ya asili, na tangu tairi zibadilishwe haukuwa ukisema kweli. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, kwani wakati huo huo tulihisi mkia wa gari ukivutwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto kwa nguvu zaidi. Trela ilikuwa inayumba. Mmoja wetu aliinua sauti kwa shahada. Basi la abiria lilikuwa linakuja kutoka upande wa pili.

Fundi hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani ukae sawa, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Basi likatupita. Trela ikatulia. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipovuka daraja, na hata kijana wa yadi alikuwa akifuta uso wake kwa mkono.

Tulisimama Mambrui, mji wa kale wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina, ushahidi kuwa watu wa hapa walipokea mizigo ya mbali tangu zamani. Chini ya kivuli fundi alituonyesha sababu. Kwa kuwa pikapu ilikuwa imenyanyuliwa kwa tairi na kwa springi, kama sentimita nane kwa jumla, ile shingo ya trela nayo ilikuwa imeinuliwa. Trela ilikuwa imetazama juu, kama punda aliyevutwa hatamu. Uzito ukarudi nyuma, shingo ikawa nyepesi, na trela yenye shingo nyepesi ndiyo inayoyumba. Dawa ipo: chuma cha kufungia kinachoteremka chini, ili trela ikae sawasawa na ardhi. "Lakini," akasema, "chuma hicho kitafungwa kwenye chesisi ile niliyoigonga." Kijana alitazama pembeni.

Tulienda taratibu mpaka Gongoni, tukaingia njia ya mchanga. Hapa ndipo tulipotaraji gari jeupe litoe sifa zake. Lilikwenda kiasi, kisha likaanza kuchimba. Tairi zile kubwa, zikiwa na upepo wa paundi 40, zilikata mchanga kama kisu kinavyokata muhogo uliochemshwa. Tukakwama, pale pale karibu na mahali tulipokwama Shaabani ile.

Mzee mmoja wa chumvi, amejifunga kikoi na kichwa kimefunikwa kitambaa, alikuja na koleo. Alizunguka gari mara moja, akatusalimia, akasema, "Mama zangu, gari hili limeshiba upepo. Lipunguzieni." Fundi alicheka, kwani ndilo alilotaka kulisema. Wakatoa upepo mpaka ukabaki paundi 20 katika kila tairi ya gari. Ubavu ukalala, tairi ikatanuka juu ya mchanga kama unyayo wa ngamia. Akatia gia za chini za magurudumu manne, akaondoka bila kunguruma. Mzee alituaga kwa kusema kwamba kule kijijini pikapu za zamani zenye tairi za kawaida hupita hapo kila siku, kwa kuwa wenyewe wanajua kupunguza upepo. Tulipompa kitu alikataa. Akaomba maji katika tangi, tukamjazia madumu yake yote mawili. Kabla ya kurudi kwenye lami tulijaza tairi tena kwa pampu ndogo, maana kukimbia na tairi laini juu ya lami, hasa ukiwa na mzigo, huichemsha tairi mpaka ipasuke.

Jioni ile tulikaa kikao. Si kweli kwamba sote tulikuwa na kauli moja. Wapo waliosema gari libadilishwe tairi na springi zake, na chesisi ichomelewe. Wapo waliosema tumetafuta miaka minne, tukiliacha hili tutatafuta miaka minne mingine. Bibi yetu wa mayai, ambaye kwa kawaida hunyamaza, aliuliza swali moja: "Mtu aliyepaka rangi juu ya kutu, na hali anajua tutapandisha watu, ameficha nini kingine?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Dini yetu imetufunza kwamba mwenye kuuza kitu chenye ila na aionyeshe. Tulimrudishia kijana gari lake siku hiyo hiyo, tukamlipa dizeli yake, tukaagana kwa wema.

Wiki tatu baadaye tulipata habari ya pikapu ya mkulima mmoja upande wa Kilifi. Haikuwa na sura. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imefifia kwa jua, mlango mmoja ulikuwa na bonde la kugongwa, na ndani ilinuka mahindi. Mzee mwenyewe alitutolea mkeka tukae, akatuletea madafu, kisha kabla hatujauliza lolote akaanza kuhesabu ila zake: klachi inakaribia mwisho wake, tairi zimezeeka ingawa zina meno, mlango uligongwa na ng'ombe, kiyoyozi kilikufa na hakukifufua. Alitoa bahasha ya risiti za karakana za miaka yote aliyokuwa nalo. Fundi alilala chini ya gari na gunia lake, akakaa muda mrefu kuliko siku ile ya Mombasa, akatoka na kidole chenye vumbi tu.

Alikagua mengine kwa utaratibu. Aliiwasha injini ikiwa baridi, akasimama nyuma kutazama moshi. Alifungua kifuniko cha oili na cha rejeta kabla ya injini kupata moto, kuona kama oili na maji vimechanganyika. Alitia gia za chini na za magurudumu manne, akaliendesha huku na huku kusikiliza difu. Alisoma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho, ambazo mbili za mbele ni wiki na mbili za nyuma ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira wake umekwisha kuchoka. Nasi, kupitia huduma za NTSA, tulihakikisha kwamba namba ya gari, ya chesisi na ya injini zinalingana na logbuku, na kwamba hakuna jina la benki lililoandikwa pamoja na jina la mzee.

Tuliijaribu kwa mzigo ule ule na njia ile ile. Sabaki tuliteremka kwa 70, na trela ilifuata kama mtoto aliyeshikwa mkono. Mchangani tulipunguza upepo mapema, tukapita. Mzee wa chumvi alitupungia koleo kwa mbali.

Tuliinunua kwa shilingi 1,480,000. Fedha zilizobaki zilinunua klachi mpya, chuma madhubuti cha kufungia trela kwa kimo kinachofaa, na tairi nne. Wapenzi wa tairi kubwa miongoni mwetu hawakukosa kabisa: kutoka 265/65R17 tulipanda hatua moja hadi 265/70R17, yenye kimo cha milimita 803, ongezeko la asilimia tatu na kitu tu. Inanyanyua gari kidogo juu ya mawe na matope ya masika, haigusi kingo za gurudumu usukani ukikatwa mpaka mwisho, na mshale ukisema 80 twajua kuwa ni karibu 83. Tulichagua zenye namba ya uzito 115, maana yake kila tairi inaruhusiwa kubeba kilo 1,215. Mabadiliko hayo tuliyaandika kwa kampuni ya bima kabla ya kulitia gari barabarani, asije mtu kutuambia baadaye kwamba gari lililopata ajali silo lililokatiwa bima.

Tumeyaandika haya kwa urefu kwa sababu tunajua vikundi vingine vya akina mama vinavyoweka akiba kwa nia kama yetu, Lamu, Tana, Kwale na Mombasa. Gari la kuvuta halichaguliwi kwa kimo. Pimeni mzigo wenu kwanza, mjue kama trela ina breki, mtazame chesisi kabla ya rangi, na mjaribu kwa njia mtakayoipita, si kwa kuzunguka yadi. Anayewakimbiza mtoe arubuni kabla ya hayo, mwacheni aende na mteja wake aliye njiani.

Mwezi uliopita tuliitwa tena Ngomeni. Alikuwa ameondoka duniani yule mama aliyetukaribisha siku ile tulipochelewa. Tulipata habari baada ya sala ya alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi trela ilikuwa imesimama chini ya mkungu, hema limefungwa, maji yanatoka. Vijana waliobeba jeneza walipotoka makaburini walinawa mikono kwa maji yetu, wakaketi juu ya majamvi yetu, wakala wali wa moto. Binti wa marehemu alikuja akasimama kando ya pikapu yetu ya kijivu, akaweka mkono juu ya ule mlango uliobonyea, akasema, "Leo mmefika." Tulimwambia kwamba tumefika, na kwamba tungependa mama yake awepo kuona. Mola amrehemu, na azirehemu maiti zetu zote.